Evaline Alichanjwa Wapi

Kasulu, 3 Februari 2025

Mjomba Tharsisi,

Shikamoo. Nimekupigia simu mara tatu, na mara zote umeniuliza mimi ni nani, kisha ukanieleza habari za mizinga yako ya nyuki kana kwamba unaongea na seremala. Sikio lako limegoma, Mjomba, kubali. Kwa hiyo naandika. Barua nampa dereva wa basi la asubuhi aiache dukani kwa Omary, pale stendi ya Kibondo, kama tulivyofanya nilipokuwa shule.

Nimechaguliwa. Wasaidizi wa utafiti wa mbu hapa Kasulu tuko kumi na mmoja, wamechukuliwa wawili, na mmoja ni mimi. Tunakwenda magharibi mwa Uganda kwa miezi sita, kwenye msitu ambako homa ya manjano inaweza kuzunguka kati ya nyani na mbu. Tutakamata mbu, tutawatenganisha kwa aina zao na kujifunza kupima virusi vilivyomo ndani yao. Anayerudi na cheti cha mafunzo hayo anaajiriwa, haitwi tena kibarua. Mimi nimekuwa kibarua mwaka wa tatu sasa.

Tatizo ni chanjo. Daktari wangu wa baridi yabisi amekataa katakata nisiguswe na chanjo ya homa ya manjano. Anasema ndani yake mna kirusi hai kilichodhoofishwa, na vidonge ninavyomeza kwa ajili ya viungo vinashusha ulinzi wa mwili, kwa hiyo hata kile dhaifu kinaweza kunishinda. Yuko tayari kuniandikia barua ya msamaha. Lakini kiongozi wetu, Dk. Saady, mtu wa Tanga, mpole sana, amenijibu hivi: "Dada Evaline, barua ya msamaha itakupitisha mpakani. Mbu hasomi barua." Amenipa mpaka mwisho wa Aprili nimwonyeshe kwamba damu yangu ina kinga tayari. Nikishindwa, nafasi anapewa mwenzangu Majaliwa.

Nakumbuka nilipokuwa mdogo Mama aliwahi kuniambia, "Wewe ulichanjwa, usiogope." Sikumbuki tulikuwa tunazungumzia nini. Nikimpigia sasa anasema mtandao mbaya. Wewe unajua lolote? Nina kovu begani, na mistari miwili myembamba kwenye kiwiko cha kushoto.

Mpwa wako,
Evaline


Kitahana, 9 Februari 2025

Mpwa wangu Evaline,

Marahaba, na hongera. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili nyumba nzima isikie. Nimefanya kazi ya maabara miaka thelathini na miwili na hakuna aliyewahi kunichagua kwenda Uganda.

Kovu la begani liache. Hilo ni la chanjo ya kifua kikuu, watoto wengi wa nchi hii wanalo. Chanjo ya homa ya manjano kwa kawaida haiachi alama ya kuonekana baada ya miaka, kwa hiyo ngozi haitakusaidia kujibu swali la Dk. Saady. Jibu limo ndani ya damu, na nitakueleza lilivyo ili usiende kupimwa kama mtu anayekwenda kwa mpiga ramli.

Walimu wengi huwaambia wanafunzi kwamba kingamwili ni askari. Mimi sikuupenda mfano huo, maana askari ana macho na hasira, na wakati mwingine analala lindoni. Kingamwili ni kitu kidogo mno, protini inayoelea katika damu, haioni wala haifikiri. Inachojua ni kushika umbo moja, lile iliyotengenezewa. Mbu anapokuuma anaacha virusi chini ya ngozi yako. Kirusi kikiwa peke yake hakiwezi kitu, hakiwezi hata kuzaana, mpaka kiingie ndani ya seli. Ili kiingie, lazima kwanza kinase kwenye seli, na kwa kazi hiyo kimevikwa ganda lenye vishikio pande zote.

Umewahi kukatiza shamba lililovunwa ukatoka na mbegu za kishonanguo kwenye sketi? Mbegu ile haina nguvu yoyote, ina ndoano tu. Sasa chukua nta ya nyuki, uiviringishe mbegu ndani yake mpaka ndoano zote zifunikwe, kisha uitupe kwenye sketi. Inaanguka chini. Kingamwili zinazozima kirusi zinafanya kazi ya nta ile. Zinajaa juu ya vishikio na kirusi kinakosa pa kushikia. Na hata pale seli inapokimeza kirusi kilichofunikwa hivyo, ganda lake linashindwa kubadilika umbo ili kitoe kilichomo, kwa hiyo kinaishia humo humo.

Mtu akichanjwa dozi moja, mwili wake hujifunza kutengeneza nta ya umbo hilo. Seli zilizojifunza huhamia ndani ya mifupa, kwenye uboho, na kukaa huko zikiitengeneza kidogo kidogo kwa miaka mingi, mara nyingi maisha yote. Vidonge vyako vinawasumbua zaidi wanafunzi wapya kuliko wakongwe wale wa mfupani. Kwa hiyo kama ulichanjwa utotoni, kabla viungo havijaanza kukusumbua, tumaini lipo. Siahidi zaidi ya hapo.

Ila kuna jambo linanitia wasiwasi. Hapa kwetu mtoto hapewi chanjo hii pamoja na zile za kliniki. Hupewa msafiri. Na mama yako sijui safari aliyowahi kusafiri zaidi ya ule mwaka aliokwenda kukaa kwa shangazi yetu Buhigwe. Jumapili nitakwenda kwake Kumsenga nimuulize ana kwa ana, huko hakuna mtandao wa kuusingizia.

Mjomba wako,
Tharsisi


Kitahana, 16 Februari 2025

Evaline,

Nimetoka kwa mama yako, na nakuandikia kabla sijavua viatu.

Nilimkuta anapepeta maharage uani. Nikamuuliza moja kwa moja, "Vere, Evaline alichanjwa?"

"Alichanjwa."

"Wapi?"

Akapepeta kwanza. "Buhigwe."

"Ule mwaka wa shangazi?"

"Ule ule."

"Nani alimchanja? Muuguzi, au mzee wa dawa?"

"Kaka, umekuja kunisalimia au umekuja kama hakimu?"

Nikaikumbuka ile mistari ya kiwiko. Nikasema, "Kwa wembe, sivyo?"

Akamwaga makapi chini. "Ukitaka iwe wembe, basi iwe wembe." Kisha akaniletea chai na kuanza kunieleza ugomvi wa wanakwaya.

Kwa hiyo ndiyo hivyo, mpwa wangu. Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili. Anayedungwa sindano kliniki amechanjwa, na anayekatwa kwa wembe akapakwa dawa ya majivu naye amechanjwa. Mama zetu walilitumia bila kutenganisha, na wala si kosa lao. Lakini wembe haufundishi damu kitu. Majivu hayana umbo la kirusi, na mwili hauwezi kujifunza umbo ambalo haujaonyeshwa.

Nisingependa ujipe moyo wa bure mpaka Aprili. Kama nafasi lazima iende kwa Majaliwa, mpe mkono kama mtu mzima. Una miaka ishirini na mitano, zitakuja nyingine.

Pole sana.
Mjomba Tharsisi


Kasulu, 12 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Sikumpa Majaliwa mkono wala kidole. Barua yako ilinikuta nimeshatoa damu siku iliyotangulia, na nilipoisoma nilikwenda nyuma ya ofisi nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kuhesabu viluwiluwi. Sikumwambia Dk. Saady habari za wembe. Nilijiambia, damu imeshaondoka, acha iende.

Na jibu limerudi kutoka Dar es Salaam. Wamepima kama nina kingamwili za ukoo huu wa virusi, na wameandika CHANYA, kwa herufi kubwa. Dk. Saady hakucheka sana, alisema kuna kipimo cha pili, sampuli imekwishapelekwa nje ya nchi kwenye maabara yenye uwezo huo. Lakini mimi nimeshawaambia wenzangu wote. Nilinunua maandazi ya watu kumi na mmoja. Majaliwa alikula matatu akasema, "Wembe wa Buhigwe ni kiboko, nipelekeni na mimi wanichanje mwili mzima." Ndiyo, nilimsimulia yeye peke yake, na sasa wanaujua wote.

Mjomba, safari hii nadhani sayansi yako imeteleza.

Evaline


Kitahana, 17 Machi 2025

Mpwa wangu,

Sayansi huteleza mara nyingi, ndiyo maana hupima mara mbili. Nakuomba uvumilie barua ya mtu anayezima sherehe.

Mwaka 2019, ukiwa chuo Dar es Salaam, uliugua dengue. Nakumbuka kwa sababu ulinipigia ukasema mifupa yako inavunjwa kama kuni. Dengue na homa ya manjano ni virusi vya ukoo mmoja, pamoja na Zika na homa ya Nile Magharibi. Vyote husafiri na mbu, na sura zao zinafanana kama za ndugu waliozaliwa tumbo moja. Kipimo cha kwanza huuliza swali dogo tu: je, katika damu hii kuna kitu kinachogusa kirusi cha ukoo huu? Kingamwili zako za dengue zinaweza kugusa ganda la ndugu yake, na kipimo kikaandika CHANYA kwa herufi kubwa kama ulivyoona.

Kugusa si kuzima. Rudi kwenye mbegu yetu. Nta ikibandikwa mgongoni, mahali pasipo na ndoano, imeigusa mbegu kweli, lakini itupe kwenye sketi uone. Itashika. Tena katika dengue imeonekana kwamba kingamwili zinazogusa bila kuzima zinaweza kumsaidia ndugu wa pili kuingia kwenye seli kwa urahisi zaidi. Unaona kwa nini sitaki uingie msituni kwa sababu ya neno moja kwenye karatasi.

Kipimo cha pili ndicho chenye swali letu. Wataotesha seli hai ndani ya kisahani zikajipanga zikabanana kama mkeka usio na nafasi. Watachukua maji ya damu yako, yale ya manjano yanayobaki juu damu ikiganda, wayachanganye na virusi vya homa ya manjano vyenyewe, waviache pamoja kwa muda, kisha wamimine mchanganyiko juu ya mkeka. Kila kirusi kilichobaki huru kitaua seli na majirani zake, na baada ya siku chache utaonekana mkeka una tundu. Watahesabu matundu. Kisha watayazimua maji ya damu kwa kuongeza maji mengine, mara kumi, mara ishirini, mara arobaini, kuona yanachoka wapi. Damu yenye kinga ya kweli huacha mkeka mzima hata ikizimuliwa sana. Damu ya dengue peke yake kwa kawaida huchoka mapema sana mbele ya homa ya manjano, au haifanyi lolote.

Ile kazi niliifanya nikiwa kijana, kwenye mafunzo, na nilihesabu matundu mpaka nikayaota. Ni kazi ya kuchosha, na ni kazi ya haki. Haimjui mtu, haisikilizi maneno.

Natamani nikosee. Lakini mama yako ameniambia wembe, nami siwezi kujidanganya.

Tharsisi


Kasulu, 22 Aprili 2025

Mjomba,

Kaa chini kwanza.

Leo saa nne Dk. Saady alitoka ofisini kwake ameshika karatasi kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli la supu ya moto. Akaniita mbele ya wote. Nilijua ni lile jibu. Akasema, "Dada Evaline, soma mwenyewe, na usome kwa sauti."

Nimesoma. Mara kumi: hakuna tundu. Mara ishirini: hakuna tundu. Mara arobaini: matundu mawili kwenye mkeka ambao bila damu yangu ungekuwa na hamsini. Mara themanini: matano. Yaani hata damu yangu ikizimuliwa mara themanini, katika kila virusi kumi inazima tisa. Hicho ni kirusi cha homa ya manjano yenyewe, Mjomba, si ndugu yake. Dengue nayo imo, aina moja, wameiandika kwenye mstari wake peke yake kama ulivyosema. Chini wameandika kwamba kinga dhidi ya homa ya manjano ipo na ni imara, na inaelekea kabisa ni ya chanjo ya zamani.

Daktari wangu wa viungo ameisoma akatia sahihi. Niende, nisichanjwe tena, nivae mikono mirefu na kujipaka dawa ya mbu kama watu wote. Jina langu liko kwenye orodha. Tunaondoka tarehe 2 Juni.

Majaliwa alinibeba juu mbele ya Dk. Saady, nikamwambia nishushe, viungo vinauma. Akasema, "Mimi sasa nakwenda Buhigwe kesho."

Nimecheka siku nzima. Sasa jioni nimetulia, na najiuliza. Wewe uliniandikia kwamba mwili hauwezi kujifunza umbo ambalo haujaonyeshwa. Wangu umeonyeshwa na nani?

Evaline


Kitahana, 25 Aprili 2025

Dada yangu Verediana,

Ningeweza kupanda bodaboda nije mpaka Kumsenga, lakini mara ya mwisho nilipokuja nilikuuliza vibaya, na naogopa nikikuona nitarudia. Kwa hiyo naandika, nawe usome ukiwa peke yako.

Evaline anakwenda Uganda. Jambo hilo limekwisha, ukinijibu au usiponijibu. Damu yake imepimwa kwa kipimo ambacho nakiheshimu kuliko vyote nilivyowahi kufanya, nayo inakizima kirusi cha homa ya manjano hata ikizimuliwa mara themanini. Damu hujifunza hivyo kwa njia mbili tu. Ama mtu aliugua homa ile akapona, ama alichomwa sindano ya chanjo yake. Evaline hakuugua, tungejua. Na wembe hauwezi, hata ukatwe mwili mzima.

Nimeyarudia mazungumzo yetu kichwani neno kwa neno. Wewe hukutaja wembe. Ulisema alichanjwa, ukanyamaza, na mimi ndiye niliyetaja wembe. Nilikuja nikiwa nimeshaamua kwamba dada yangu wa Kumsenga akisema chanjo ana maana ya wembe. Nimewafundisha vijana maisha yangu yote wasiandike jibu kabla ya kupima, na kwako nikaliandika kabla hujafungua mdomo. Nisamehe.

Kuna mtu alimchoma mtoto wetu sindano, mahali wanapowachoma wasafiri. Sikuulizi ili nikuhukumu. Nauliza kwa sababu mtoto ameniuliza.

Kaka yako,
Tharsisi


Kumsenga, 4 Mei 2025

Kaka Tharsisi,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi si mtu wa kuandika kama wewe, lakini haya mdomoni hayatoki.

Sikukaa Buhigwe. Shangazi alikubali tu kunifichia, Mungu ampumzishe. Nilikuwa Kalemie, Congo.

Unakumbuka Nsabimana, baba yake Evaline, alikwenda kule na biashara yake ya mawese, akakaa mwaka bila neno, nikasikia amepanga nyumba na mwanamke. Kikao cha ukoo kikakaa. Wewe ukasimama mbele ya watu wote, ukasema, "Verediana asimfuate mwanamume ng'ambo ya ziwa. Akimfuata, asirudi kwenye nyumba ya baba yetu." Ulikuwa na hasira kwa ajili yangu, nalijua hilo. Nadhani kesho yake ulisahau. Mimi sikusahau.

Nikamchukua Evaline, ana miaka minne, tukapanda boti Kigoma. Nilitaka baba yake amwone usoni kisha aseme mwenyewe kama hamtaki. Tulipofika, pale bandarini palikuwa na mama mmoja muuguzi na meza yake. Akaniambia, "Mama, bila karte ya vaksini hamupite. Wewe na mutoto, wote wawili." Nikasema sisi tunaingia siku chache tu. Akasema, "Homa ya manjano haiangalie siku." Akanichoma mimi, akamchoma Evaline. Mtoto hakulia. Alimwangalia yule mama akamuuliza, "Umemaliza?" Yule mama akacheka mpaka akafuta macho, akatuandikia kadi mbili za manjano.

Nsabimana tulimkuta. Alimpa mtoto biskuti, mimi hakunipa hata kiti. Tulikaa siku nane kwa mama mmoja wa kanisani. Ile mistari ya kiwiko ni bati la choo chake, Evaline alijikwaruza akikimbiza kuku. Kisha tukarudi. Zile kadi nilizichoma moto nyuma ya nyumba ya shangazi, ili siku moja usizikute ukaniuliza.

Ulipokuja na wembe wako nilifurahi, Kaka. Ulinipa pa kujificha. Kisha usiku sikulala, kwa sababu nilikuwa nazuia safari ya mwanangu kwa aibu yangu. Nilitaka kumpigia nimwambie. Nikishika simu, nakiona kikao kile. Hilo ndilo kosa langu, na mwambie namwomba msamaha.

Miaka ishirini na mmoja nimeihesabu safari ile kuwa ujinga wangu mkubwa kuliko wote. Nilivuka ziwa zima na mtoto, nikarudi mikono mitupu. Sasa unaniambia sikurudi mikono mitupu. Nimesoma barua yako, nikaiweka, nikaisoma tena. Mpelekee Evaline hii barua. Sitaki kuandika mara mbili.

Verediana


Kitahana, 12 Mei 2025

Mpwa wangu Evaline,

Barua ya mama yako imo ndani ya hii. Isome kwanza, kisha urudi hapa. Mimi nitakungoja.

Umerudi? Basi sikiliza yaliyofuata.

Nilikwenda Kumsenga siku ile ile niliyoipokea. Sikusema mengi, na unajua kwangu hilo ni ugonjwa. Nilimwambia tu kwamba neno nililolisema hadharani nitaliondoa hadharani. Jana tukawaita watu wa ukoo, wale walio hai katika kikao kile, na watoto wao. Walidhani kuna posa. Nikasimama nikasema kwamba mwaka 2004 niliongea kama mwenye nyumba, kumbe nyumba ile si yangu, na kwa kauli yangu dada yangu ameishi na siri miaka ishirini na mmoja. Nikaomba radhi. Nilitaka niendelee kuwaeleza habari ya seli na mkeka, lakini mama yako akanishika koti akasema, "Kaa, Kaka. Hii ni yangu."

Akasimulia mwenyewe, Evaline, tangu boti ya Kigoma mpaka bati la choo. Hakulia. Alipofika kwa yule muuguzi na kadi za manjano, akawageukia wote akasema, "Mlisema nisimfuate mwanamume. Nilimpeleka mwanangu kuchanjwa." Niliona wanaume watu wazima wakiangalia viatu vyao. Niyonsaba, yule mke wa binamu yangu mwenye ulimi mkali, ambaye miaka yote alimwita mama yako mkaa kimya, ndiye aliyeanza kupiga vigelegele, na wanawake wote wakamfuata. Uani hapakusikika kitu kingine kwa muda mrefu. Hata mimi nilisikia, na kwa sikio la kulia, lile lililogoma.

Baadaye kijana mmoja akaniuliza iwapo mama yako naye bado ana kinga ile ya Kalemie, maana walichomwa pamoja. Nikamwambia ni jambo linalowezekana sana, na nikamweleza sababu kwa saa nzima. Alivumilia.

Nenda salama. Fanya kazi kwa makini, andika jibu baada ya kupima.

Mjomba wako,
Tharsisi


Magharibi mwa Uganda, 16 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Barua hii anakuja nayo mwenzetu mmoja anayerudi Kasulu, ataiacha kwa Omary, Mjomba akuletee. Msomee naye, asije akanung'unika.

Kuhusu msamaha ulioomba, nimeshakupa kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilibaki pale kwa yule muuguzi. Sikumbuki bandari, sikumbuki sindano. Namkumbuka kuku.

Tulipofika hapa walitupa fomu ya afya. Wenzangu wote waliandika tarehe za Aprili na Mei, wakabana kadi zao mpya pembeni. Mimi sina kadi, nina ile karatasi ya matundu tu. Penye mahali pa chanjo nikaandika Kalemie. Penye mwaka nikaandika 2004. Palikuwa na mstari wa maelezo mengine, nikaandika: nilipelekwa na mama yangu, Verediana wa Kumsenga, kwa boti.

Dk. Saady alizikusanya akasimama kwenye yangu. "Kumbe wewe ndiye uliyetutangulia wote," akasema. "Mimi mwenyewe nimechanjwa juzi, 2011." Akachukua kalamu, akabadilisha orodha ya watakaoingia msituni siku ya kwanza, akaniweka mbele.

Niliingia wa kwanza, Mama. Nilivaa mikono mirefu na nilijipaka dawa ya mbu, usianze kuwaza. Njia ni nyembamba na miti ni mirefu kiasi kwamba saa sita mchana unadhani ni jioni. Nyani walitupigia kelele kutoka juu. Nikatundika mtego wangu, nikaandika namba yake na saa, nikawaonyesha wenzangu pa kukanyaga. Tulipotoka tulikuwa na mbu mia mbili na kumi na nne ndani ya vikombe. Walioniuma sikuwahesabu.

Mwanao,
Evaline